Herufi Iliyokatika

Nje ya mahakama ya Arua nina meza,
taipureta, na mwavuli wa kampuni ya simu.
Barua ni elfu tatu. Ya ardhi elfu tano,
maana ardhi ina maneno mengi.

Ayikoru kaja asubuhi,
kitenge cha matanga bado kiunoni.
"Niandikie kwamba nililolisema sikulisema."

Mama, hilo ni kukana,
na kukana ni uongo wa pili kuukalia wa kwanza.
Watu mia mbili walikusikia kaburini
uliposema Letasi alitia kitu kwenye kwete ya ndugu yako.
Kitu. Hata sumu hukuitaja.
Waliobaki wakaitaja kwa niaba yako.

"Basi andika nafuta."
Nilikuwa mwalimu, nakujua kufuta:
chaki hutoka ubaoni
ikahamia kifuani.

"Nameza?"
Yamekwisha kupita midomo yote ya Oli.
Utayamezaje na mate ya watu?

Nikampa *tangua*.
Akalionja kama chumvi ya duka jipya.
"Si ndilo la ndoa?"
Ndilo. La ndoa, la nadhiri, la kauli pia.
Halisemi hapakuwa na fundo.
Linasema lilikuwapo,
na niliyelifunga ndiye nalifungua,
mchana, watu wakiona.

Akanyamaza. Katika pindo la kitenge
ana karatasi ya hospitali: ini, kaandika daktari,
ini lililougua miaka.
Na sufuria za Letasi, za maharage ya kuuza,
wiki ya tatu hii zimelala kifudifudi.

Nikapiga:
*Mimi, Ayikoru, kwa hiari yangu, natan ua kauli yangu*

Mashine yangu haina G tangu Pasaka;
ilikatika katikati ya mgogoro wa mpaka.
Ayikoru alifika darasa la sita. Akafuata kwa kidole:
"Natanua?
Natanua kauli yangu?"

Sikucheka. Hakucheka.
Ndicho walichokifanya wote waliokuja kumpa pole:
kila mmoja aliingia na kauli ile, akatoka nayo
pana zaidi, kama mkeka unaokunjuliwa kwa mgeni.

Nikaijaza G kwa kalamu, bluu kati ya nyeusi.
Nakala ya mwenyekiti wa kijiji.
Nakala ya kanisa.
Ya tatu akaniomba kalamu,
akaiandika mwenyewe, kubwa, imepinda
kama sikio.
"Hii ya Letasi."

Akahesabu noti, akazihesabu tena.
"Lile la kwanza," akasema, "lilitoka bure."

Nilidhani atamtuma mtoto.
Nikamwona anashika njia ya Oli kwa miguu,
barua wazi mkononi, hajaikunja,
anaipuliza
wino ukauke.