Damu ya Mzee

Kiwanda cha mazulia, Kidderminster, Februari ya tisini na tatu.
Mto ulipita nyuma ya ofisi yetu
ukiwa na rangi yoyote waliyoumwagia huko juu:
Jumatatu buluu, Alhamisi kutu.
Kompyuta ya mezani kwangu ilikuwa na rangi kumi na sita.

Nilizihesabu kwa kidole kiooni.
Nyekundu ya moto, nyekundu ya makaa,
kijani cha kasuku, kijani cha chupa,
na kahawia moja iliyoelekea matope,
imekaa pembeni kama mgeni wa harusi
asiyejulikana kaja upande gani.
Zilizobaki mashine ilizighushi:
ilitia nukta, nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi,
ikitumaini jicho litakuwa mbali, au limechoka.

Jicho la Glenys Tolley halikuwa mbali.
Miaka thelathini na mmoja alilinganisha sufu
kwenye dirisha la kaskazini, ambako mwanga haujipendekezi.
Alisogeza pua hadi kwenye kioo.
"Mbaruku, zulia lako lina surua."

Akaweka fundo la sufu juu ya kibodi.
"Ukumbi wa bingo wa Dudley wanataka hii."
Nikaligeuza. Nikamwambia,
kwetu rangi hii inaitwa damu ya mzee.
"Ya mzee yupi?"
Yeyote, nikasema. Damu iliyokaa sana mwilini.
Akaliandika daftarini kwa penseli, herufi kwa herufi,
chini ya *tofali lililonyeshewa*.

Bwana Pargeter alikataa kutoa pauni sitini.
Zulia, alisema, hufumwa kwa sufu, si kwa umeme.
Basi nikatoa zangu.

Usiku wa Ijumaa, soksi nimevua nisije nikaunguza kitu,
nimeshika bomba la maji baridi kwanza kama anayetawadha,
nilifungua tumbo la mashine.
Chipu nne, kila moja na miguu ya jongoo.
Mguu mmoja ukapinda. Nikaunyoosha kwa kucha,
sikupumua.
Kisha disketi mbili, na swali moja kwa Kiingereza
ambalo jibu lake lilikuwa ndiyo au ndiyo.

Nikawasha.
Giza.

Giza lenye mlio wa feni, na nje mvua,
na mlinzi akipita na tochi akauliza kama kuna mtu.
Nilijibu kuna mtu, sikuwa na hakika.
Nikarudi kwenye maandishi meupe, kielekezi kinapepesa,
nikafungua faili linaloiambia mashine yeye ni nani,
nikafuta mstari, nikaandika mwingine,
nikaharibu, nikarudia. Saa nane na robo
madirisha yakafunguka.

Mia mbili hamsini na sita.
Sikushangilia. Nilitazama tu
kijivu kikishuka kuelekea cheusi bila kujikwaa.

Jumatatu Glenys aliketi bila kuvua koti.
Ua la katikati ya zulia lilikuwa zito, halina nukta hata moja.
Akabonyeza saa ya pembeni atazame muda
na zulia zima likageuka kijani cha mgonjwa.
"Limeibiwa!"
Nikamweleza: chungu ni kimoja.
Dirisha la mbele hupakua kwanza,
la nyuma hulamba kilichobaki.
"Kwetu tulikuwa tisa," akasema, "mimi wa mwisho,"
akaifunga saa.

Rangi zikarudi. Akainua lile fundo la sufu,
akalishikiza kwenye kioo,
akafumba jicho moja, kisha jingine.
Nilisubiri aseme ndiyo.

Alisema neno la Kiingereza la kitu ambacho bado kidogo tu kifike,
na kichwani mwangu, kwa mazoea,
lilipovuka likawa *karibu*.

Miaka miwili katika mji ule,
hakuna aliyekuwa ameniambia.
Nikavuta kiti, nikaketi.