Udongo wa Subilaga

Miaka kumi na mmoja nimeandika kuta za watu:
NYUMBA HII HAIUZWI, kwa nyekundu.
USIKOJOE HAPA, kwa nyekundu ileile.
Pale Mwanjelwa, juu ya mlango wa saluni,
mwanamke mwenye shingo ndefu kupita haki yake,
nywele nyeusi.
Rangi zangu zilikuwa mbili. Ya tatu ilikuwa ukuta.

Sasa nina akriliki, tyubu kumi na mbili,
nilizozilipia kidogo kidogo kama mahari,
na chumba cha uani hapa Isyonje
ambamo ukungu huingia bila hodi
ukakalia kiti kabla yangu.

Jambo la kwanza nililojifunza: kijani hakipo.
Ipo kabichi. Ipo misonobari iliyopangwa mstari kama wanafunzi.
Lipo jani la kiazi lenye mvua mgongoni,
na jani hilohilo kesho yake, baridi imeshaliunguza.
Lugha yetu inakiri yenyewe:
kijani ni jani, kijivu ni jivu,
manjano yamo kwenye mchuzi,
zambarau huacha doa kwenye shati la shule,
na ile nyekundu iliyochoka tunaiita damu ya mzee
wala hatujamuuliza mzee.
Kwetu kitu hutangulia, rangi ikafuata nyuma imebeba jina lake.
Tyubu zangu zina namba tu.

Bluu ndiyo haishikiki.
Nilitembea kuufuata mlima wa bluu, asubuhi nzima,
nikaukuta wa kijani, una mbuzi.
Nikageuka:
bluu imehamia kule nilikotoka,
imekaa juu ya paa langu.

Na akriliki haina subira.
Mwezi wa sita, upepo ukishuka kutoka Kitulo,
inakauka ukingali unafikiri,
na ikikauka inakunja uso:
ulichokipaka cheupe kidogo, kinaamka kizito.
Basi inabidi udanganye mapema,
uchanganye nuru zaidi ya uliyoiona,
ili kesho iseme kweli.

Siku ya kodi alikuja Subilaga, mwenye nyumba,
gambuti zina tope hadi magotini.
Akaitazama kanvasi.
"Shamba la nani hili?"
"Lako. Lile la juu, karibu na pareto."
"Langu halina udongo mwekundu."
Akasogea. Akanusa, kama anayepima maziwa.
"Huu udongo wa kwenu."

Nami nilizaliwa Kalenga, ng'ambo ya Iringa,
ambako vumbi jekundu hupanda soksi, hupanda ukuta,
hulala na mtu kitanda kimoja.
Sikujua kama mkono nao una kwao.

Akatoka. Akarudi na bonge kwenye pindo la kitenge,
jeusi, lenye mzizi mmoja mweupe uliokatika,
akaliweka katikati ya tyubu.
"Anza na hili."

Nyeusi ya tyubu ilikataa: ilikuwa shimo, haikuwa udongo.
Nikachanganya bluu na kahawia,
nikatia damu ya mzee, tone,
nikatia tena, nikakosea, nikafuta kwa kidole.
Jioni vilifanana kabisa, bonge na rangi,
nikalala nimeridhika.

Asubuhi rangi ilikuwa imekauka, imezidi kuwa nyeusi.
Bonge nalo lilikuwa limekauka, limepauka kama jivu.
Usiku walikuwa wamepishana njiani
bila kusalimiana.

Subilaga alicheka mpaka akashika mlango.
Akachovya vidole kwenye maji yangu ya brashi,
akalinyunyizia bonge, likarudi.
"Huwa nalitazama likiwa limelowa," akasema.
"Likikauka sina haja nalo."

Nimelipaka shamba lote upya, limelowa.
Ila chini kabisa, pembeni, nimeacha utepe mwembamba,
mwekundu, upana wa kucha.
Nilidhani hatauona.
Ameuona.
"Hapo," kasema, akihesabu noti zake,
"bado panataka palizi."