Vali Mbili

Gervas kaleta Subaru yake Gerezani,
saa nne asubuhi, jua lishaanza kuuma.
"Fundi, nataka ikohoe.
Niwe Morocco, wanisikie Mwenge."

Nikalala chali chini yake, juu ya boksi la jokofu.
Vali mbili za ekzosi, kila moja na kimota chake,
gari likienda polepole zinajibana
kama mtu anayezuia chafya msibani.
Nikachomoa nyaya. Kwa waya wa nondo
nikazifunga zisijifunge tena.

Akawasha.
Mabati yakatetemeka, kuku wa Mama Shani wakatawanyika,
mie nikasikia kwa kifua:
sikio la kushoto nililimaliza kwenye nyundo,
mwaka wa ishirini huu.

Jumamosi karudi, sauti ya chini.
Mtoto kazaliwa. Wa kike. Kilo mbili na nusu.
"Fundi, weka swichi."

Nikatoboa pembeni ya usukani,
nikapachika kitufe cha redio mbovu.
Hela hakubishana.

Sasa, anasema, akikata kona ya kwao Sinza
anakibonyeza,
na dude lote lile
linanyata.