Mkulima wa Rangi

Wete, ofisi ya vitambulisho, dirisha la pili.
Kijana anasema, "Bibi, weka dole."
Naweka. Mashine inawaka nyekundu.
"Futa, weka tena." Nafuta kwa ncha ya kanga,
naweka. Nyekundu.
Anaushika mkono wangu, anaupindua
kama anayekagua samaki wa jana.
"Bibi, hivi vidole umevifanyani?"

Nianzie wapi, mwanangu?

Nianzie ndoo iliyotoboka, ya harusi ya Bikombo,
niliyoijaza udongo wa Kiuyu
nikatia mbegu tatu za mzingefuri?
Moja ililiwa na kuku. Moja iliota, ikajuta.
Ya tatu leo imenipita kimo,
inazaa maganda yenye singa;
pasua moja tu, kucha zako
zinakuwa za bi harusi.

Au manjano kando ya karo,
yanayokunywa maji niliyooshea mchele?
Rangi yake ina uongo: siku ya kwanza dhahabu,
mwezi haujaandama, jua limekwisha kuila.
Wifi yangu Mgeni alinunua mkeka wa manjano,
akaurudisha umepauka,
akautandaza barazani pangu, Ijumaa,
wanaume wakitoka msikitini.
Sikumjibu.
Nilikwenda nikapanda mdaa.

Mdaa ni mti wa watu wasiodaiwa.
Miaka minne unautazama tu,
ndipo unachimba pembeni, mzizi mmoja,
mmoja, unawafukia wenziwe,
unautwanga, unauchemsha na ukindu
tangu alfajiri mpaka adhuhuri,
na chane zinatoka na weusi wa kahawa
ambao hakuna jua linaloumudu.

Zamani tulikwenda mkokoni kubandua magome.
Siku hizi mkoko una bwana misitu na daftari lake,
na kusema kweli, ile miti tuliivua nguo
mpaka ikafa wima.
Kwa hiyo rangi nikaihamishia nyumbani.

Ila mnili, mnili ulinitia aibu.
Majani siku tatu yamelala pipani,
nikatia chokaa, nikafunika, nikangoja tena,
na harufu ikatembea nyumba kwa nyumba.
Jirani Faki Hamadi akaja ameziba pua,
kahakikisha hapana mzoga.
Nikachovya uzi mbele yake. Uzi wa pamba yangu,
ya mpamba ulio nyuma ya choo,
nimeichambua kwa mkono, nimeisokota pajani.
Ukatoka kijani. Akacheka.
Nikamwambia, ngoja, haujavuta pumzi.
Ukageuka machoni pake, taratibu, buluu,
kama mtu aliyekuwa akitafuta jina la mtu
akalikumbuka.
Faki akaondoka bila ya kuaga.

Haya yote hayasemeki dirishani,
foleni inakohoa nyuma yangu.
Nasema, "Ni rangi, baba. Haitoki."
Anajaribu cha shahada, cha kati, cha pete.
Mashine inakubali kidole cha mwisho,
kile kivivu, kisichochana ukindu.

"Kazi?"
"Mkulima."
"Wa nini? Karafuu? Mpunga? Mwani?"
"Wa rangi."
Anatafuta kwenye orodha, anashuka, anapanda.
"Rangi haimo, bibi."
"Basi iandike."
"Haiandikiki. Hapa ni kuchagua."
Ananichagulia *Nyenginezo*.

Nakunja risiti, naiweka kifundoni mwa kanga.
Nimeacha sufuria motoni,
na Bikombo hajui kugeuza.
Naye kijana anainamia kitundu cha kioo,
anashusha sauti:
"Bibi, shati jeupe lililoingia chai kifuani,
laweza kusaidika?"

"Lilete Alhamisi. Uliza nyumba yenye pipa.
Na uje na dumu la maji ya mvua,
ya kisima chetu yana chumvi."