Mahari ya Pili

Baba aliitaja mahari yangu kwa haya,
kama mtu anayekohoa msibani:
msahafu, shuka pea mbili, cherehani ya miguu.
Akida akaongeza saa ya ukutani, hakuna aliyeiomba.
Watu wakala pilau Barabara ya Kumi na Tano,
turubai likivuja upande wa wanawake,
na mimi nikawa mke.

Sikujua kuna posa nyingine.
Sikujua kwamba kule anakofua mashuka ya hospitali
kuna dawati, na juu ya dawati kuna fomu,
na fomu nayo ni mjomba mkali
anayetaka kujua bwana huyu atalisha kwa kiasi gani:
mshahara kabla ya kodi, mshahara baada ya kodi,
chumba kina mita ngapi,
nani atalipa
mke akiumwa jino.

Amepungukiwa.
Si sana. Ingekuwa huku Tanga ningesema
ni bei ya mbuzi wawili wa Handeni kila mwezi.
Fomu haijui mbuzi.

Basi ameongeza zamu za usiku.
Ananipigia saa tisa, sauti imekauka kama katani,
ananiuliza, "Umelala?"
Nasema sijalala. Namuuliza, "Umekaa?"
Anasema amekaa.
Ndoa yetu inasimama juu ya uongo huo mdogo.

Zamani aliniandikia, "Wangu wa ubani."
Siku hizi ananitumia picha ya hati ya mshahara.
Naikuza kwa vidole viwili, naitafuta jumla,
moyo unanidunda kama wa mwali
kwa tarakimu iliyo mbele ya nukta.

Nilidhani nitamsaidia.
Nashona sare za shule, nashona mashela ya watu,
nina kitabu cha benki kisicho na aibu.
Nikakipeleka pale jirani na mnara wa saa,
wakanigongea muhuri, nikalipia muhuri.
Jibu likarudi mstari mmoja:
mapato ya mke aliye nje hayahesabiwi.
Cherehani niliyoolewa nayo
haihesabiwi.

Shangazi Bimtumu akaja na akili ya Makorora:
kikoba kimwazime Akida, fedha zilale kwake mwezi mmoja,
zipigwe picha, zirudi.
Akida akakataa. Huko huuliza fedha imetoka wapi.
Imetoka kwa wanawake kumi na wanane, ningewajibu,
na watatu kati yao husaini kwa dole gumba.

Baba hakusema kitu. Usiku huo
aliandika nyuma ya risiti yangu ya benki:

*Nalimwoza kwa heshima, kwa msahafu na nia,*
*Leo naambiwa pima, kwa shilingi na rupia,*
*Nchi isiyo huruma, usiku yamkamia,*
*Nauliza: kipi kima, cha mume kumfikia?*

Nikaikunja risiti.
Kwenye orodha ya viambatisho hawakuomba shairi.

Machi akafika. Akauvuka mstari
kwa kiasi kisichozidi kilo moja ya nyama,
nikapika wali wa nazi nikala peke yangu kwa sherehe.
Aprili akashikwa na mafua, siku nne kitandani,
na siku nne zikamrudisha chini.
Miezi inatakiwa kumi na miwili, ifuatane,
kama tasbihi:
punje moja ikidondoka, uzi wote unaanza upya.

Jana alikuja binti wa Chuda kujaribu shela.
Nimejaza pini mdomoni, nimepiga magoti kwenye pindo lake,
saa ya Akida inagonga ukutani, imechelewa dakika sita,
sijaona sababu ya kuirekebisha.
Akaniuliza, kwa furaha ya watu wasiosoma fomu,
"Dada Mwanjaa, wewe mahari yako ilikuwa nini?"

Nikatema pini moja moja kiganjani.
"Bado inalipwa," nikamwambia.
"Geuka, nikupime mgongo."