Muulize Mwenyewe

Mamake aliniandikia kazi kwenye karatasi
iliyochanwa daftarini, nyuma yake madeni ya chakula cha kuku:
Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi kumi na moja.
Kumtoa nje. Maji kwa mrija, kidogo kidogo.
Kumfuta mdomo bila kumvuta ngozi.
Pilipili hapana. Mia tano, na nauli.

Asubuhi mimi huuza soksi za watoto karibu na steji.
Nilidhani mchana ningepumzika.

Kibiwott ana miaka kumi na sita
na ndevu tatu ambazo hataki ziguswe.
Wiki ya kwanza nilimwimbia wimbo wa chekechea.
Alinitazama
mpaka wimbo ukanifia mdomoni.

Basi nikajifunza. Gurudumu la mbele, la kulia,
hulia kama kifaranga likikutana na mchanga,
na Nakuru mwezi wa pili ni vumbi tupu,
unga wa mlima uliowahi kuwaka,
linatupaka sote: mimi, yeye, mbwa wa jirani.
Penye tuta namgeuza, tunashuka kinyumenyume.
Anapenda hivyo. Anasema anaona tulikotoka.

Anasema, ndiyo.
Neno lake huanzia mbali, begani,
hupanda shingoni, hupigana na taya,
likifika limechoka ila ni zima.
Nami nilikuwa nalidaka njiani, nalimalizia,
kama mtu anayekuvua viatu
na hata mlangoni hujafika.
Nilijiona mwepesi, mwenye moyo.

Siku hiyo akasimamisha kila kitu
akaniambia, kwa dakika nzima na mate:
"U-si-ni-se-me-e."
Kumsema angenisamehe; husemwa kila siku mtaani.
Ni ile irabu moja ya ziada iliyonichoma
mpaka nikafika kwangu nayo, nikalala nayo.

Alhamisi, kwa muuza mayai nje ya uwanja,
kijana amefunga aproni, kisu mkononi:
"Madam, huyu anakula pilipili?"
Karatasi ninaijua kwa moyo.
"Muulize mwenyewe."

Akatazama kwanza viatu,
viatu ambavyo soli zake haziishi.
Kisha akainama. "Mkubwa, pilipili?"

Bega likaanza.
Nyuma yetu bodaboda wawili, injini zinanguruma,
na msichana wa shule, sweta kiunoni.
Yai linapoa. Ulimi wangu nimeung'ata.
Bodaboda mmoja akazima injini, sijui kwa nini.

"Nyi-ngi."

"Hata mimi, nyingi," akasema yule msichana,
akasogeza sahani yake.
Kibiwott bado alikuwa na neno jingine, tukalingoja pia:
"Ka-ta ndo-go."
Akala. Akalia machozi, akacheka, kamasi, kachumbari kifuani,
na mkono wangu ukiwa nyuma ya mgongo wake,
kwa upana wa kidole, bila kumgusa.

Jioni mamake akarudi kutoka duka la dawa za mifugo,
koti likinuka dawa ya kupe.
Akamfuta kidevu. Kitambaa kikatoka chekundu.
Akageuka kwangu, juu ya kichwa chake:
"Nanzala, nani alimpa pilipili?"

Nilikuwa nafunga zipu ya mkoba.
Sikuinua macho upesi.
Bega lake lilikuwa limeshaanza kupanda.