Nukta ya Manjano

Imefika leo, Jumanne, saa tisa alasiri,
na saa tisa huku Kemijärvi, mwezi wa Desemba,
ni usiku uliokwisha kukomaa.
Tarishi alibisha mlango kwa ncha ya buti,
nami nikatia sahihi upesi
kabla Tuulikki hajauliza ni ya ngapi.

Ni ya kumi na tisa.

Boksi halichanwi. Wenzangu watataka kuliona kwanza likiwa zima,
kona zake nne, utepe wa fedha,
kisha mfuniko umeinuliwa nusu,
kisha sifongo jeusi na ndani yake
tochi, imelala chali kama kichanga.
Nikaitandikia kitambaa cha meza cha mama mkwe,
nikaweka sarafu ubavuni ili ukubwa ujulikane,
nikapiga picha ishirini na sita.
Katika ya tatu kimeingia kidole gumba changu
na ule ukucha ulioliwa na mashine ya kiwanda cha karatasi.
Nikaifuta.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Kidonda chenyewe ni yuro mia tatu na arobaini.

Reijo wa Oulu ndiye aliyewahi: "Lo, umetumaliza!"
Pentti, ambaye kila ukileta ndovu yeye anaye mkubwa zaidi,
akasema ni nzuri, ila yake inafika mbali.
Na Jouni, kijana wa Kuopio,
hajanunua hata betri tangu wamwachishe kazi,
lakini hupongeza kila mtu, kwa herufi kubwa,
na huuliza maswali kama anayetaka kununua kesho.

"Tuonyeshe mwali," wakasema.

Basi nikashuka ziwani. Baridi ya ishirini na saba chini ya sifuri,
kope zinagandana ukikawia kuzifungua.
Nikasimika kamera juu ya barafu,
na kabla ya yote nikabonyeza swichi mara mbili,
kwa ajili ya mlio wake tu:
ta, ta. Mlio mnene, wa kitu cha thamani.
Msitu wa ng'ambo ukaruka mbele, ukarudi,
ukaruka, ukarudi.

Kisha dirisha la jikoni kwa Hilkka likazimika.
Likawaka.
Likazimika. Likawaka.

Nilikuwa nimesahau. Mumewe, Eero, tuliyemzika Septemba,
akirudi jioni kwa skii, akifika katikati ya ziwa,
alikuwa akimulika mara mbili:
weka birika motoni.

Sikujua mkono wangu ufanye nini.
Kamera haikuwa na neno. Ikapiga.

Picha imetoka kama picha za ndoto,
fimbo nyeupe kutoka kifuani mwangu hadi misonobari,
kila tawi na theluji yake.
Reijo kasema hajaona kitu kama hiki. Pentti kanyamaza,
na kumnyamazisha Pentti si kazi ndogo.
Nilingojea furaha, ikaja, ikakaa kidogo mlangoni.
Jouni peke yake ndiye aliyeuliza:
"Ile nukta ya manjano, kushoto, ni kitu gani?"

Tuulikki alikuwa amesimama ukumbini na simu mkononi.
Hakuuliza ya ngapi.
"Hilkka amepiga. Amechemsha kahawa ya wawili.
Anasema anajua kuwa haiwezekani, anasema anajua,
ila birika limeshachemka."
Akaniokotea kofia.
"Njoo nayo hiyo. Kwenye barafu hakuonekani kitu."

Tukavuka tukiwa tumeshikana viwiko
kwa mwanga wa chini kabisa, ule wa kusomea ramani,
ambao hakuna mtu aliyewahi kuupiga picha.
Sikubonyeza mara mbili.
Mfukoni simu ilitetemeka, ikatetemeka tena;
nadhani ni Jouni, bado anangoja jibu.